Priampu ya Kati

"Zima! Zima hiyo mashine, Danford, itaunguza sabufa!"

Mzee Masunga hakusubiri jibu. Aliinama, akaushika waya wa umeme, akauchomoa ukutani. Sahani ya santuri ikazunguka kivivu mpaka ikasimama, na wimbo uliokuwa ndiyo kwanza unataka kuanza ukafia kwenye sindano.

Scolastica alikuwa amekaa kwenye kochi lake, mikono magotini, tayari kusikiliza. Alimtazama Masunga, mchumba wake. Akamtazama fundi. Akarudi kumtazama mchumba wake.

"Baba Minza, imeunguza nini?"

"Imetaka kuunguza. Nimesikia harufu."

"Mimi sijasikia harufu."

"Wewe umekaa mbali, mama Dafrosa."

Danford, fundi redio mwenye kibanda karibu na soko la Mpanda, alinusa huku na huku kwa adabu. Sebuleni palikuwa na harufu moja tu, ya maharage yaliyokuwa jikoni.

"Mzee," alisema, "hiki kisanduku hakiwezi kuunguza sabufa. Umeme wake wenyewe ni wa kuchaji simu."

"Mimi nasema kirudishwe. Tuchukue kile kidogo cha bei rahisi, tumalize."

"Kile kinanguruma kama mashine ya kukoboa mpunga!" Scolastica alisema.

"Mngurumo tutauzoea."

Sasa hapo ndipo moyo wa Scolastica ulipoanza kuwasha taa nyekundu. Masunga hakuwa bahili hata kidogo. Alikuwa Msukuma aliyeingia Katavi miaka mingi iliyopita akiswaga ng'ombe, mjane kama yeye, na tangu waanze uchumba alikuwa mtu wa kuuliza kilicho bora kuliko vyote, kisha anakileta. Leo anataka bibi harusi wake azoee mngurumo?

Mashine yenyewe ilitoka kwa Dafrosa, binti yake anayefanya kazi Dar es Salaam. Alijua mama ana sahani za zamani zimelala sandukuni tangu santuri ya marehemu baba ilipokufa, akamnunulia mashine mpya na kuituma kwa basi. Siku ya kwanza walipoichomeka kwenye sabufa, sauti ilitoka kama mbu. Danford akawaeleza kwamba sindano ya santuri hutoa sauti ndogo mno, kwa hiyo lazima katikati kuwe na kisanduku cha kuikuza na kuisafisha kabla haijafika kwenye sabufa. Kisanduku hicho kinaitwa priampu. Akaagiza vitatu ili mama achague. Kidogo kilinguruma. Kikubwa kilikuwa cha bei ya mtu asiye na shida yoyote duniani. Cha kati ndicho kila mtu alikitegemea, na ndicho hicho Masunga alichokikatia umeme kabla hakijasema neno.

Na sahani iliyokuwa juu ya mashine haikuwa sahani yoyote tu. Ilikuwa "Nisubiri Kaliua", wimbo wa vijana fulani wa Tabora, ambao Scolastica aliucheza akiwa msichana kule Majimoto mpaka viatu vikaachia soli. Karatasi ya katikati ilikuwa imechanika siku nyingi, majina ya wapigaji yakaenda nayo. Lakini Scolastica hakuhitaji karatasi. Aliyeimba alikuwa ameketi sebuleni kwake. Masunga mwenyewe ndiye aliyemwambia hivyo mwanzo wa urafiki wao, na tusidanganyane, ndicho kilichomfanya mwanamke wa umri ule akubali kuitwa mchumba tena.

"Basi nirudi nacho?" Danford aliuliza.

"Rudi nacho," Masunga alisema haraka.

Scolastica aliirudisha sahani kwenye ganda lake taratibu, huku akimkazia macho Masunga, aliyekuwa anajifuta jasho wakati feni inazunguka.

*

Asubuhi yake alikuwa sokoni kwenye meza yake ya mchele, anapepeta na kuimba kwa pua kama kawaida yake. Ulikuwa wimbo usio na maneno, unapanda, unashuka, unajirudia, unakatika.

"Leo unaimba kwa hasira," alisema Marsela, jirani wa meza na mwenzake wa jumuiya. Huyu Marsela ni mtu mwema, ila habari ikiingia sikioni mwake haijui kulala humo. Ndiye aliyeitangazia jumuiya nzima kwamba mchumba wa Scolastica ni mwimbaji, mpaka watu wakamwomba aimbe siku ya harusi.

Scolastica akamsimulia.

Marsela akaacha kupima mchele. "Dada Skola. Mwanaume anaogopa kisanduku?"

"Nami ndicho ninachojiuliza."

"Umewahi kumsikia akiimba? Hata bafuni?"

"Anasema sauti iliisha kwa vumbi la ng'ombe."

"Vumbi gani linamaliza sauti likaacha kelele za kuwaita ng'ombe? Mimi juzi nimemsikia kutoka stesheni ya reli anamwita bodaboda, nikadhani honi ya treni!"

Scolastica alitaka kucheka, kicheko kikagoma. Simu ikaita. Alikuwa Kalisti, mdogo wake, kutoka Majimoto.

"Shikamoo dada. Tangazo la tatu la ndoa ni Jumapili hii?"

"Marahaba. Ndiyo, Jumapili."

"Bado una nafasi. Mimi sina ugomvi na Wasukuma, nakunywa nao maziwa kila siku. Lakini huyo bwana ana ng'ombe, wewe una shamba la mpunga alilotuachia baba. Siku akisema tuingize mifugo kidogo tu baada ya mavuno, utamwambia nini?"

"Ameniahidi hataligusa."

"Unamwamini?"

Swali dogo. Wiki moja nyuma angelijibu kabla halijaisha. Sasa alijikuta anaitazama punje ya mchele mkononi.

"Dada? Upo hewani?"

"Nipo. Kalisti, njoo Jumamosi. Njoo ule kwangu mchana."

"Kuna nini?"

"Kuna wimbo nataka tuusikilize."

Alikata simu, akamwachia Marsela meza, akachukua bajaji mpaka kwa Danford.

*

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nimefuata priampu ya kati."

Danford akaanza kutafuta bisibisi ambayo ilikuwa sikioni mwake. "Ya kati, mama... ya kati imekwisha. Ipo hii ndogo."

"Imekwisha lini? Jana umeondoka nayo kwangu."

"Imechukuliwa na mteja."

"Na hicho kilichofunikwa taulo chini ya meza yako, chenye waya mmoja mwekundu na mmoja mweupe, ni mtoto wa nani amelala?"

Danford alifunga macho. Kijana wa watu alikuwa anasali Kanisa moja na mama huyu, na mchele wa nyumbani kwao ulitoka kwenye meza yake.

"Mama, mimi sitaki kuingia kwenye mambo yenu nyie wakubwa."

"Umeshaingia. Sasa toka vizuri."

Danford alitoa simu yake, akafungua meseji, akaigeuza kioo kimwelekee Scolastica.

*Fundi mama akija mpe ile ndogo. Mwambie ya kati imekwisha. Hasara yako nitaifidia mimi. Usimwambie. Masunga.*

Scolastica aliisoma mara ya kwanza kwa macho ya mfanyabiashara na mara ya pili kwa macho ya mchumba. Akavuta stuli akakaa.

"Kasema kwa nini?"

"Hakusema, mama. Aliniuliza kitu kimoja tu. Eti ile ndogo ikinguruma, maneno ya nyuma ya wimbo yanasikika? Nikamwambia hayasikiki, mngurumo unayafunika. Akasema basi, hiyo hiyo."

"Na hii ya kati?"

"Hii utasikia mpaka mpiga ngoma akikohoa. Ile kubwa inazidi kidogo, ila kwa sabufa yako hutaona tofauti, nisikudanganye. Ya kati ndiyo yako. Ukifunga na huu waya mwembamba wa athi, wa kuzuia mngurumo, haingurumi kabisa."

"Nifungie."

"Mzee akiniuliza?"

"Mwambie imechukuliwa na mteja. Si ndivyo ulivyoagizwa?"

Kwenye bajaji alimtumia Masunga meseji: *Baba Minza, Jumamosi mchana nitapika wali kwa kuku wa kienyeji. Kalisti anakuja. Usikose.*

Jibu likaja upesi: *Asante mama Dafrosa. Nitakuja na maziwa mgando. Nakupenda sana.*

Aliitazama ile *nakupenda sana* kwa mashaka, kama noti anayodhani ni ya bandia.

*

Jumamosi Masunga alifika amevaa shati jeupe, dumu la maziwa mkono wa kulia. Wa kushoto aliuweka mfukoni kama alivyozoea, kwa kuwa haukuwa na kidole cha shahada wala cha kati. Kamba ya maksai iliwahi kumsokota alipokuwa anavusha ng'ombe mto Ugalla, ikaondoka navyo.

Walikula. Kalisti alimhoji kuhusu malisho mpaka kuku akapoa, Masunga akajibu kila swali kwa upole. Mpaka hapo ungedhani ni shemeji wa kuombwa kwa Mungu.

Kisha Scolastica akasimama, akaondoa kitambaa kilichofunika mashine.

Priampu ya kati ilikuwa pale pale pembeni, taa yake ndogo ya kijani inawaka.

Kijiko cha Masunga kikagota kwenye sahani. "Fundi alisema..."

"Najua alichosema fundi. Najua na aliyemtuma."

"Mama Dafrosa, nisikilize kwanza."

"Nitasikiliza. Naanza na huu."

Akashusha sindano.

Hapakuwa na mngurumo. Ulisikika mkwaruzo mwepesi, kisha ngoma, kisha sauti ya kijana, nyembamba, tamu, inayopanda juu bila jasho, inamwomba msichana amsubiri Kaliua treni zinapopishana. Scolastica hakuwa ameisikia kwa usafi ule maishani mwake. Kule Majimoto ilitoka kwenye spika iliyopasuka, watu mia wanapiga kelele. Alimgeukia Masunga, mwenye sauti nzito ya kuitia ng'ombe, akajua huyu siye. Hakuhitaji shahidi.

Shahidi alikuja hata hivyo. Maneno yakaisha, gita likaingia peke yake, na yule mwimbaji, kama walivyozoea wapiga muziki wa zamani kuwapa moyo wenzao, akapaza sauti nyuma ya gita:

"Masunga! Mdogo wangu Masunga, wachezee!"

Kalisti aliweka glasi mezani. "Aliyeimba anamwita Masunga. Hivi shemeji, mtu hujiita mwenyewe?"

Masunga alinyanyuka akatoa sindano kwa mkono wake mzima. Mara hii hakuzima umeme.

"Aliyeimba ni Sylvanus," alisema. "Kaka yangu. Alifariki kabla sijaja huku. Mimi nilipiga gita."

"Ulipiga gita," Scolastica alirudia.

"Nilipiga gita."

"Kwa hiyo ulipokaa kwenye meza yangu ya mchele ukaniambia 'aliyeimba ni mimi', ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa naongopa."

"Kwa nini?"

"Ulisema unaipenda ile sauti. Ulisema aliyeimba vile ungemkubali bila kuuliza ukoo wake. Hukusema kitu kuhusu gita." Akautoa mkono wa kushoto mfukoni, akauweka mezani kati ya sahani, na lile pengo lake. "Na ningekwambia nilikuwa mpiga gita, ungeutazama huu ungecheka."

"Ningecheka?" Sauti ya Scolastica ilikatika. Alikuwa analia sasa, na hakujificha. "Wewe umemnunua fundi! Umetaka nikae ndani ya nyumba yangu inayonguruma maisha yangu yote ili usiumbuke! Unajua wiki hii nimeshuku nini? Nimeshuku una mwanamke. Nimeshuku unataka shamba. Nimeshuku mpaka masikio yangu. Kama umeweza kuununua mngurumo, kesho utanunua nini?"

"Shamba sitaligusa. Naapa."

"Hata kuimba uliapa!"

Masunga akainamisha kichwa. "Kuna jambo moja, mayu," alisema, akimwita mama kwa Kisukuma, "halafu nitaondoka. Siku ya kwanza sikuja pale sokoni kununua mchele. Nilikuwa napita zangu. Nikakusikia unaimba kwa pua. Ulikuwa huimbi alichoimba kaka. Ulikuwa unaimba gita langu. Miguu ikasimama yenyewe. Nilingoja uniulize nani alipiga. Ukaniuliza nani aliimba."

"Uongo mwingine huo," Kalisti alisema.

"Ondoka, baba Minza," Scolastica alisema. "Kesho padri atasoma tangazo au hatasoma, nitaamua mimi."

Masunga akachukua kofia yake. Dumu la maziwa aliliacha mlangoni.

*

Scolastica aliingia jikoni akaanza kuosha vyombo kwa nguvu, sufuria zikilia. Sebuleni Kalisti alibaki na mashine. Alikuwa ametoka Majimoto kuja kuvunja uchumba, kazi imekuwa rahisi kuliko alivyotarajia, na sasa hakuwa na la kufanya. Akaurudisha wimbo mwanzo, kwa udadisi tu.

Kijana akaimba, akamaliza, akaita. Gita likaingia.

Ndipo Kalisti alipogeuza shingo kuelekea jikoni.

Dada yake, mikono kwenye povu, machozi hayajakauka, alikuwa anaimba kwa pua. Wala hakujua kama anaimba. Alikuwa anawaza mambo yake, na pua yake ilikuwa inapanda pale gita linapopanda, inashuka linaposhuka, na pale gita lilipojikwaa kidogo na kukatika, naye akakatika.

"Dada."

"Nini?"

"Nyamaza kidogo. Hapana, endelea."

"Niendelee na nini?"

Kalisti akasogeza sindano nyuma, akapandisha sauti. "Njoo usikilize. Usiangalie kwangu, sikiliza."

Scolastica akaja mlangoni, sufuria mkononi, inadondosha maji sakafuni. Wimbo ule usio na maneno, aliobembelezea mtoto, aliopepetea mchele, aliokuwa nao hata kwenye msiba wa mume wake, ulikuwa unatoka kwenye sabufa, safi, umepigwa na vidole viwili ambavyo sasa havipo.

"Nilidhani nimeutunga mwenyewe," alisema.

Kalisti akajikuna kichwa. Ilimuuma kusema, lakini akasema. "Huyu bwana ni mwongo, dada. Ila kwa hili hakusema uongo."

Scolastica aliweka sufuria chini, akachukua simu.

"Haloo?" Sauti nzito ilipokea kabla haijaita vizuri.

"Uko wapi?"

"Hapa nje. Sikuweza kwenda mbali."

"Kaa huko huko, usiingie. Nina hasira na wewe bado."

"Sawa."

"Kesho padri atasoma tangazo la tatu. Akimaliza, utasimama wewe mwenyewe mbele ya watu wote uliowadanganya, useme. Bila kuzunguka."

"Nitasimama."

"Na mfukoni usiweke mkono."

"Sitaweka."

*

Alisimama kweli. Padri alisoma majina, akauliza kama kuna mwenye kizuizi, na mzee mzima akainuka kwenye benchi la wanaume. Kanisa zima likavuta pumzi. Marsela alishika kifua kwa mikono miwili.

"Kizuizi sina, baba padri. Nina masahihisho. Nyie mmeniomba niimbe siku ya harusi yangu. Mimi siimbi. Sijawahi kuimba. Aliyeimba ni marehemu kaka yangu. Mimi nilipiga gita, na nimeongopa kwa sababu nilimpenda huyu mama nikaona gita halitoshi. Naomba mnisamehe, naye ameniambia atafikiria."

Watu wakacheka, padri naye akashindwa kujizuia. Scolastica hakucheka. Alikuwa anautazama ule mkono wa kushoto, uliokuwa umeshika mgongo wa benchi, wazi kwa kila mtu. Hapo ndipo alipomsamehe, ingawa Masunga mwenyewe alimwambia baadaye kabisa ili ateseke kidogo.

Harusi ilifanyika chini ya turubai nje ya nyumba ya bibi harusi. Marsela alipita meza hadi meza akiuliza sasa nani ataimba. Scolastica akamwonyesha Danford, aliyekuwa ameinama kwenye kona anakaza waya wa athi wa priampu ya kati.

Sindano ikashuka. Kijana wa Tabora akaimba kuhusu Kaliua, wazee wakanyanyuka, Kalisti akacheza na viatu vyake vya shambani. Bwana na bibi harusi walikaa. Scolastica alikuwa ameushika ule mkono wa kushoto juu ya meza, mbele ya wageni wote.

Maneno yakaisha. Gita likaingia, na Sylvanus akaita kwa furaha, kama vile amesimama hapo pembeni:

"Masunga! Mdogo wangu Masunga!"

Mzee Masunga aliinua kichwa kuelekea kwenye sabufa.

"Naam, kaka," alijibu.

Scolastica akaubana mkono wake, akaanza kuimba kwa pua.